Habari Zilizofika Kabla Yangu

Watu husema mimi sikai mahali, na ni kweli. Nimepanga chumba Embulbul. Nimeishi Matasia kwa jamaa yangu hadi mke wake akaanza kunisalimia bila kunitazama. Nimekaa Kajiado mjini nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na Kitengela nimehama nyumba mara nyingi hata vitu vyangu vimezoea gunia. Lakini kulikuwa na miaka ambapo kutotulia kwangu kulikuwa kazi, na kulikuwa na watu waliotazama njia wakiningojea. Nataka kueleza jinsi walivyoacha kutazama.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata cheti ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa na mfanyabiashara wa mifugo hapo Kitengela, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka Kaskazini Mashariki. Alikuwa na duka mbele na zizi nyuma. Kazi yangu ilikuwa kutembea. Niliiacha barabara ya Namanga nikaingia mbugani, boma hadi boma, nikiuliza nani ana fahali wa kuuza, wapi nyasi zimekwisha, nani anahama. Niliwaambia wenye ng'ombe bei ya Kitengela na ya Kajiado, kisha nikarudi kumwambia tajiri wangu niliyoyaona. Wakati huo hapakuwa na njia nyingine. Habari ilikuwa na kasi ya miguu yangu.

Mimi ni mtu wa Ukambani, mtoto wa kanisa na shamba la mbaazi. Kimaasai nilifundishwa na mzee mmoja ambaye boma lake lilikuwa ndani, mbali na soko la Kisaju. Siku ya kwanza nilimwambia kila kitu nikiwa bado mlangoni, bei, ukame, mnunuzi, mfululizo. Akanitazama.

"Wewe olmeeki," akasema, na hilo ni neno lao la mtu asiye Mmaasai, "unaongea au unatapika?"

Mkewe alicheka hadi akaiweka chini sufuria aliyokuwa ameishika.

"Keti," mzee akasema. "Kunywa chai. Halafu anza na nyasi."

Kwao habari huliwa. Ndivyo wanavyosema, kwamba watu wamekaa wanakula habari. Mgeni huanza na nyasi alizozipita njiani, afuatishe maji, halafu ng'ombe, na watu huja mwisho, kwa sababu mambo ya watu ndiyo mazito na hayabebwi na tumbo tupu. Mwenyeji hamkatizi. Kila mgeni anapovuta pumzi, mwenyeji huitikia "eeh", kama mtu anayekupokea mzigo kichwani na kuutua taratibu. Mwisho ndipo huuliza maswali. Mzee yule aliuliza sana. Hao ng'ombe walikuwa rangi gani? Huyo aliyehama alitangulia yeye au mke wake? Nilijifunza kutazama nikiwa njiani ili nisikose jibu.

Baada ya muda nikawa na kigoda changu pale. Mkewe, niliyemwita yeyo kama mtu anavyomwita mama yake, alikiweka upande wake wa nyumba asikikalie mtu mwingine. Mbwa walipobweka alisema, "Miguu imefika," na kuni zikaongezwa jikoni. Sijawahi kuwa na nyumba ambayo kuingia kwangu kulifanya kuni ziongezwe. Hata ya mama yangu haikuwa hivyo.

Simu za mkononi zilipofika Kitengela niliziona kama wengi walivyoziona, kitu cha wakubwa. Halafu siku moja nilitoka Kisaju na habari nzuri. Familia tatu zilikuwa zinashusha mafahali kwa soko la kesho yake. Nilikuja mbio, shati likinata mgongoni. Tajiri wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu sikioni, akitaja mafahali walewale, rangi zao, na wenyewe. Alipomaliza akanipiga bega.

"Pole, ndugu yangu. Habari yako ilifika asubuhi, ikanywa chai, ikaenda."

Watu wa dukani wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri. Wiki hiyo hiyo aliniambia nipumzishe miguu. Hakunidhulumu. Aliniaga vizuri, akanipa gunia la sukari, akaniambia nije kula kwake Idi. Sikwenda.

Sikuacha kutembea. Nilianza kuuza dawa ya kupe na betri za tochi katika maboma yaleyale, ili niwe na sababu. Lakini sasa nilipoketi na kuanza na nyasi, kijana angesema, "Tumesikia." Neno hilo moja. "Tumesikia, mzee. Uko na betri ndogo?" Nilikuwa sijafika hata arobaini na walikuwa wananiita mzee, si kwa heshima, ila kama mtu anavyoita kitu cha zamani. Kila boma likawa na mahali pake pa mtandao, juu ya kichuguu au kwenye mti fulani, na simu ikaning'inizwa pale ndani ya mfuko wa plastiki kama mtoto wa kifalme. Ukifika unakuta watu wameielekea, wamekupa mgongo.

Likabaki boma la mzee peke yake. Pale nilipokelewa kama zamani, kigoda, chai, nyasi, maji, na "eeh" yake. Nilijiambia kwamba huyu hajabadilika. Nilikuwa tayari kupita maboma yote yanayosema tumesikia, mradi nifike kwake.

Kisha ukaja mwaka mmoja wa ukame mbaya. Nilikuwa Kajiado nilipoona mvua ikishuka upande wa Namanga, mvua ya kweli, siku mbili mfululizo. Hakuna habari inayozidi hiyo. Anayeileta hupewa maziwa kabla ya wenye nyumba. Nilitembea kutoka Kajiado nikiwa na goti linalouma, nikapita mizoga, nikafika jioni, saa ambayo ng'ombe huwa wanarudi. Nilipita katikati ya zizi tupu nikafikiri tu kwamba wamechelewa malishoni.

Niliketi. Nikaanza mbali, kama nilivyofundishwa, na nyasi za Kajiado zilizokwisha. Nilikuwa naiweka mvua mahali pake, kwenye maji. Na hapo ndipo nilipoisikia. "Eeh" ya mzee ilikuwa inakuja mapema. Ilikuja kabla sijafika mwisho wa neno, kama mtu anayekusaidia kushuka ngazi anazozijua. Nilisema, "Nikaona wingu," akasema "eeh." Nikasema, "upande wa," akasema "eeh."

Nikageuka kuangalia zizi. Samadi ilikuwa imekauka juu. Ng'ombe hawakuwa wamechelewa. Walikuwa wamekwisha kupelekwa Namanga.

"Walienda lini?" nikamuuliza.

"Juzi," akasema. "Kijana mmoja wa huko alipiga simu ikinyesha. Tulisikia hata radi."

"Na mimi umeniacha niseme."

"Ulikuwa umetembea," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka. Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliniumiza. Wale vijana wa "tumesikia" walinikata kama kamba. Huyu alikuwa ananihurumia, na sijui alikuwa amenihurumia kwa muda gani. Nilijaribu kukumbuka swali la mwisho aliloniuliza, la rangi ya ng'ombe au la nani alitangulia, nikashindwa kulikumbuka. Yeyo aliniletea maziwa ya mwenye habari ya mvua. Niliyanywa. Yalikuwa machache, ng'ombe hawakuwepo.

Asubuhi yake mzee alinipa simu. Mwanawe wa Kajiado alikuwa amemletea mpya, na hii ya zamani, kifuniko chake kimefungwa kwa raba, ikawa yangu.

"Chukua," akasema. "Miguu imezeeka. Ukiwa na habari, piga."

Alikuwa na nia njema. Nimeigeuza pande zote nikitafuta ubaya ili niwe na mahali pa kuweka hasira yangu, sikuupata. Lakini nilisikia alichosema. Mtu anayekuambia upige anakuambia usije.

Nilikuwa na simu hiyo na sikumpigia. Yeye alikuwa akinibipu, inalia mara moja inakatika, maana yake kwamba yu mzima. Hiyo ndiyo kula habari iliyokuwa imebaki kwetu.

Kisha goti likaamua. Mama yangu alikuwa peke yake na shamba Ukambani, nami sikuwa tena mtu wa kutembea mbugani na dawa ya kupe. Nilikuwa naondoka, safari hii si kuhama chumba. Hiyo ilikuwa habari moja ambayo hakuna simu iliyokuwa nayo, kwa kuwa sikumwambia mtu yeyote. Niliibeba kwa miguu hadi kwake.

Pori lilikuwa limekatwa viwanja. Njia yangu ya zamani iliishia kwenye waya mara mbili. Kwa mzee kulikuwa na geti la mabati, na mkaza mwanawe ndiye aliyefungua.

"Baba! Si ungepiga kwanza? Mzee ameenda Kajiado na yeyo, mambo ya macho."

Alinikaribisha ndani. Kigoda changu kilikuwa pembeni ya mlango, na juu yake kulikuwa na betri ya gari yenye nyaya, na simu za jirani zikichajiwa. Akaniletea kiti cha plastiki na chai. Halafu, kwa sababu alikuwa na moyo mzuri, akapanda kichuguu akampigia mzee, akanipungia mkono nije.

"Uko wapi?" Sauti ya mzee ilikuwa kubwa, na nyuma yake kulikuwa na magari.

"Niko kwako."

Akacheka sana. "Na mimi niko Kajiado! Si ungepiga! Haya, leta habari, lakini haraka, salio litaisha."

Nikaanza na nyasi. Sikujua njia nyingine ya kuanza. Nikasema upande wa Isinya zimefika magotini.

"Eeh, eeh, eeh. Watu?"

"Nilikuwa bado kwenye nyasi."

"Nyasi tumeona tukipita. Sema watu. Wewe mzima?"

Nikavuta pumzi, kama mgeni anavyofanya. Ikakatika.

"Salio limeisha," mkaza mwanawe akasema akiitazama simu. "Atapiga."

Tulisimama juu ya kichuguu tukingoja. Hakupiga, au mtandao ulikataa. Simu yangu mwenyewe ilikuwa mfukoni, na ningeweza kuitoa. Nilimaliza chai nikiwa nimesimama, nikamrudishia kikombe.

"Akipiga nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie nyasi za Isinya ni nzuri," nikasema, nikafunga geti nyuma yangu.