Koti Lililolala

Fundi cherehani wa kijiji cha Nyarero alikuwa na mdomo mkali na mguu wa upole. Akishona pale nyumbani kwake, alijifunga kitambaa kwenye kidole gumba cha mguu ili paka wake mdogo akirukie na kuziacha nyuzi za kushonea. "Toka hapa, mjinga wewe!" alifoka, huku akikichezesha.

Asubuhi ya arusi yake, kijana Werema alifuata koti aliloshonewa. Alilikuta tayari, paka amelala ndani ya mkono wa kushoto.

"Fundi, padri ananingoja!"

"Polepole, mura, kijana wangu," fundi alinong'ona. "Akiamka atataka kucheza, na mimi nina kazi."

Werema, aliyekuja kugomba, akajikuta naye ananong'ona. Alivaa mkono wa kulia. Wa kushoto, paka bado yumo ndani, akaupakata kama mtoto. Kanisani, kwaya ilipofungua midomo, fundi, aliyefuatana naye, alisimama, akaweka kidole mdomoni: shii!