Fremu ya Njumu ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala, na asipokwambia mwenyewe ndani ya salamu ya kwanza, basi ujue anaumwa. Mtaani wanamwita Fundi Sifa, naye badala ya kuona haya, anaitika. Nyumbani kwake hakuna kiti chenye miguu yote minne, mlango wa jikoni unafungwa kwa kamba, lakini thubutu kumtajia nakshi. Utajuta kufungua mdomo.

Sasa dada akamkabidhi picha ya mama yetu. Ndiyo hiyo hiyo moja tuliyobakiwa nayo. Nyingine zilirowa paa lilipovuja, na paa lile aliliezeka nani, mtajaza wenyewe. Mama amekaa kitini, dada, bado mtoto, amesimama pembeni, wameshikana mikono. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Dada akamwambia mumewe, "Baba watoto, nitengenezee fremu. Ya kawaida tu, picha isizidi kuchakaa."

Ya kawaida! Ungedhani katukanwa. Akatafuta mbao nyeusi, akaichimba vijishimo kwa patasi, akachonga nyota ndogondogo za mti mweupe, akazipachika moja moja kwa gundi. Hiyo ndiyo njumu, na tuseme haki, mkono anao. Nyota zilikaa hata ukucha haupati pa kupenya. Tatizo la mtu huyu halijawahi kuwa mkono, ni kichwa.

Maana alipachika kwanza, akapima baadaye. Mafundi wenzake huanza na picha, wakaja kwenye mbao, nakshi ikawa ya mwisho. Yeye mbao ilipofikia upana wa picha, akakuta nyota ya mwisho imeangukia kwenye kona, lazima ikatwe nusu. Nusu nyota, yeye, Fundi Sifa! Akaifupisha mbao.

Siku ya kuileta aliwaita majirani, eti waje washuhudie. Akaifunika kitambaa, akasimama mbele yake kama bwana harusi, kisha akafunua. Majirani wakasifu, wakapitisha vidole juu ya nyota. Dada akasogea, akatazama. Mama alikuwepo kitini, ameshika mkono. Mkono mtupu wa mtoto, umeishia kwenye kiwiko.

"Mimi niko wapi?" dada aliuliza.

"Picha ilikuwa pana kidogo, nikaipunguza. Lakini hebu angalia kona, mke wangu! Unaona nyota ilivyokutana na mwenzake?"

Mimi sikuweza kujizuia. "Shemeji, yaani nyota umeionea huruma, mtu ukamkata?"

"Nyie hamjui kazi," akanijibu, kifua mbele. "Kwani nimemtupa? Yumo humo humo. Nimemkunja nikamsokomeza kwa nyuma, kioo kisicheze."

Jirani mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

Ningekuwa mimi, ningepiga kelele mpaka mtaa wa pili. Dada alikwenda kwenye kikapu cha zana za mumewe, akatoa patasi, akaichomeka kwenye ile kona.

"Taratibu, mke wangu! Gundi imeshashika!"

Akaikandamiza. Fremu ikalia kwaa, nyota zikaruka mpaka chini ya meza. Mwanamume mzima akapiga magoti kuziokota, machozi yakimlengalenga, akizipuliza vumbi. Dada yeye aliokota kikaratasi kilichokunjwakunjwa, akakinyoosha juu ya goti. Mkunjo ulikuwa umepita katikati ya uso wake wa utotoni. Rangi ilikuwa imebanduka, jicho moja halipo, pua haipo.

Akakisogeza taratibu kwenye picha ya mama mpaka ule mkono ukakutana na mwenyewe.

"Nipe gundi," akamwambia mumewe.

Yule bwana akainua kichwa kutoka chini ya meza, viganja vimejaa.

"Ya nyota?" akauliza.