Mate ya Hawe

Nilipokuwa mtoto kwetu Ganda, hakuna aliyetoka kwenda mbali bila kutemewa mate na Hawe. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na huyu alikuwa mama yake baba. Ulipiga magoti, akakutemea kifuani, "Tfu!", kisha akasema, "Enda salama, urudi salama." Mate yakikataa kutoka, basi mzee ana kinyongo nawe, na ukiondoka hivyo hivyo utakiona cha mtema kuni. Tuliamini sote, nami, mtoto wa wasiwasi, niliamini kuwashinda wote.

Nililala chumba kimoja naye. Nilijua kwamba tangu aanze kumeza vidonge vya presha, muhogo haukushuka bila chai. Midomo ilimpasuka. Kwenye pindo la leso hakukosa peremende. "Nalainisha ulimi," alisema. Zamani alicheka hadi jirani wakasikia. Siku hizo alicheka kwa kujiziba mdomo na leso. Niliyaona yote hayo, lakini sikujua nimeona nini.

Ikafika harusi ya dada yangu Kadzo, aliyekuwa anaolewa Gede. Hawe alikwisha sema mbele za watu kwamba wale wakwe wana maneno mengi. Asubuhi hiyo gari lao lilikuwa nje linapiga honi. Kadzo akapiga magoti.

"Tfu!" Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, ukasikika upepo mtupu.

Shangazi Sidi, na ulimi wake usio na mfupa, akadakia: "Si nilisema? Mama hamtaki bwana huyu!"

Kadzo akaangua kilio. "Basi siendi! Siendi kwa watu na mikosi mimi!"

Honi ikalia tena. Mama akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Baba alikuwa huko nje akiwatuliza wakwe. Mimi nilikuwa nazunguka kinu kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikiwaza dada yangu ataachwa kabla hajaolewa.

Hawe akaiondoa leso mdomoni. Akamvuta Kadzo karibu, akapanua kinywa mbele yetu sote. Yallah! Ulimi ulikuwa mwekundu, umechanika. Meno yalikuwa yameoza mashinani, mengine yamebaki vipande. Harufu ilitufikia tuliposimama.

"Tazama, mjukuu wangu. Sina kinyongo. Sina mate."

Mama akaleta maji kwenye kata. Hawe akapiga funda, akalizungusha mdomoni taratibu.

"Lakini hayo ni maji ya mtungi, mama!" Shangazi akasema.

Hawe akamwinulia kidole anyamaze, kisha akampulizia Kadzo maji yote, kutoka paji la uso hadi kifuani. "Yamepita kinywani mwangu," akasema. "Ni yangu. Enda salama, urudi salama." Kadzo akacheka huku analia, akainuka na kwenda garini akiwa amelowa.

Mimi sikutulia. Kwa miezi mingi, kila mgeni aliyetoka Gede nilimkimbilia nisikie kama mikosi imefika. Haikufika. Kadzo yuko huko hadi leo, na mumewe kweli ana maneno mengi.

Sasa vidonge vya presha nameza mimi. Kinywa kilipoanza kunikauka nilikwenda kwa daktari wa meno, Malindi. Akaniambia dawa hizo huweza kukausha mate, na mate ndiyo mlinzi wa meno. Ninywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, nipige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na vidonge nisiviache bila kumuuliza aliyenipa. "Na peremende uziepuke kabisa," akasema, "kinywa kikavu na sukari ni balaa." Peremende! Maskini Hawe, alikuwa anayamaliza meno yake kwa kile alichodhani ni dawa.

Juzi mjukuu wa Kadzo alinipigia magoti, anakwenda Mombasa kuanza kazi. "Ngoja kwanza," nikamwambia, nikatafuta chupa yangu ya maji. Usiniulize kama bado naamini. Nilichojua ni kwamba simwachi aende mkavu.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Ukoo mzima tulikuja kupiga magoti mbele ya kinywa kile, kila mtu na haja yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza Hawe kama kinamuuma.