Upanga Nilioung'arisha kwa Majivu

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na mkono wangu hutembea polepole kama mtu anayevuka tope. Mkikuta herufi imekosewa, si dharau. Naandika kwa sababu lilinipata jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni adhabu au heshima.

Naishi Fort Worth, Marekani, na mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kazi yake ni kumtunza mzee mmoja Mrusi huko Dallas: anampikia, anampa dawa, anampeleka kliniki. Jumamosi nafuatana naye, nafuta vumbi.

Mzee yule ni tajiri. Alikuja Texas akiwa kijana, akauza mabomba ya visima vya mafuta, akafanikiwa. Mkewe alikufa bila kumwachia mtoto. Sasa anagawa tu. Wazazi humletea watoto wasiosikia vizuri, naye huwanunulia vifaa vya masikio. Siku moja nilimwona amepiga magoti, na magoti yake ni mabovu, anagonga kikombe kwa kijiko nyuma ya mtoto. Mtoto akageuka. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaingia chumbani kwake, ambako kuta zote ni silaha za zamani: panga za wapanda farasi, bastola za baruti, mashoka. Akaketi katikati ya silaha hizo, ametulia kabisa.

Sikuelewa. Sisi tulikimbia kwetu kwa sababu ya watu wenye silaha.

"Mama mdogo, huyu ni mtu mwema au ni mtu wa vita?"

"Ni mtu wa presha," akanijibu. "Futa vumbi."

Upanga mmoja ulining'inia peke yake juu ya kiti chake. Umepinda kidogo, mpini wake wa pembe. Nyingine zote alizinunua, lakini huo ulikuwa wa babu yake. Nao ndio ulikuwa mchafu kuliko wote, mweusi, una madoa ya kahawia. Niliuonea huruma. Kwetu, panga la mzee likiachwa lishike kutu, majirani husema nyumba hiyo haina watoto. Mama alikuwa akilisugua panga la babu kwa majivu na ndimu, na mimi nilimshikia kopo la maji.

Jumamosi moja mzee aliutoa upanga ule ukutani, akaulaza ndani ya kasha lake, maana wiki iliyofuata tulikuwa tunakwenda Houston kuuonyesha kwa rafiki zake. Akaenda kulala kidogo. Mama mdogo alikuwa ametoka kuchukua dawa. Nilichota majivu kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba, nikakata ndimu mbili, nikasugua mpaka nikaona meno yangu kwenye chuma. Nikafunga kasha. Nilitaka afurahi mwenyewe atakapolifungua.

Nilimwambia mama mdogo asubuhi ya safari, tukiwa garini kwenda Dallas. Nilikuwa natabasamu. Aliegesha gari pembeni.

"Umegusa chuma? Siku ya kwanza ya kazi aliniambia hivi: futa ubao, futa kioo, chuma usiguse. Ee Mungu, sikukuambia." Akashika kichwa. "Tumekwisha. Sina cheti cha uuguzi, nani atanipa kazi nyingine? Wewe nyamaza. Nitasema mimi."

Mzee ana desturi ya kwao. Kabla ya safari ndefu wote hukaa kimya kidogo, ndipo hutoka. Mama mdogo huhesabu kuwa ni maombi, akimaliza husema "Amina," na mzee kwa adabu hujibu "Amina." Siku hiyo mama mdogo alifumba macho, wala hakumaliza.

"Leo maombi ni marefu, binti yangu," mzee akasema. "Houston si mbali hivyo."

Njia nzima kasha lilikuwa magotini mwangu.

Tulifika kwa rafiki yake, katika mji wa Stafford kando ya Houston. Huyo naye ni mjuzi wa silaha za kale. Palikuwa na wageni, wale wanaomsaidia mzee kununua vifaa vya masikio. Mzee akafungua kasha.

"Nani amefanya hivi?" rafiki yake akapiga kelele. "Ule weusi ni wa miaka mia, ndio thamani yake! Ameuua!"

Mama mdogo akasimama. "Ni mimi."

Mimi sisemi mbele za watu. Hata kanisani huwa nakaa nyuma ya nguzo. Lakini miguu iliinuka. "Ni mimi. Yeye hakujua."

"Kaa chini, mtoto wewe!" akanikemea kwa Kiswahili, na akakataa kunitafsiria; mimi Kiingereza nakisikia tu, kukisema sijui. Basi nikaonyesha kwa mikono: nikasugua hewa, nikakamua ndimu isiyokuwepo.

Mzee akauinua upanga kwenye mwanga. "Babu yangu aliuona hivi," alisema. "Mimi sijawahi."

Akaketi. Akatuashiria wote tuketi, kama kabla ya safari. Safari hii hakuna aliyesema amina.

Kisha akatoa kadi. Kila silaha yake ina kadi: nani aliitengeneza, nani aliibeba, nani aliirekebisha. Akanipa kalamu. "Andika ulichofanya. Kwa lugha yako."

Niliandika wageni wote wakiningoja, chai ikapoa. "Niliusugua kwa majivu na ndimu. Nilidhani umesahauliwa." Mama mdogo akamsomea kwa Kiingereza. Mzee akaiweka kadi kwenye kasha, akamwambia, "Jumatatu saa mbili, kama kawaida."

Kazi ikabaki. Tulirudi Fort Worth mama mdogo akiimba.

Lakini upanga haukurudi juu ya kiti. Aliutundika kwenye korido, na kadi yangu chini yake, ndani ya kioo. Kila Jumamosi nafuta kioo hicho, nasoma herufi zangu zilizopinda. Siku nyingine naona ameniweka pamoja na babu yake. Siku nyingine naona ameliweka kosa langu hapo ili kila mgeni alisome. Hunisalimu vilevile kama zamani. Kumuuliza naona aibu.

Wewe uliyesoma, kama umewahi kutunza kitu cha wazee wako, au kuishi na Warusi, niandikie unieleze. Andika kwa herufi kubwa. Hata kusoma nasoma polepole.