Kitabu Kilichopigwa Pasi

Miaka thelathini na minne Fundi Gundi alijalidi vitabu vya chuo, tangu enzi kitabu kikishonwa kwa uzi, si kama siku hizi kinabanwa pini mbili na kuachwa kijifie. Darasani hakukanyaga, kusoma alijifunza kwenye kurasa zilizoharibika. Sheria yake ilikuwa moja: kitabu hakiondoki mezani pake kabla ya kulala kwenye kibano, chuma juu chuma chini, mpaka kinyooke.

Siku moja kikaja kijitabu cha nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole: kanuni za hesabu za msichana asiyeona wa mwaka wa kwanza. Wenzake wangeingia mtihanini na kanuni zilizochapwa. Zake ndizo hizo. Fundi Gundi akaelezwa kisikandamizwe, akaitikia, kisha mazoea yakamshinda. Akakikaza kwenye kibano kwa nguvu zake zote.

Asubuhi ya mtihani msichana alikifuata. Akapitisha vidole ukurasa wa kwanza. Wa pili.

"Babu, nukta ziko wapi?"

"Si hizo hapo?"

"Babu! Umenipigia pasi kitabu!"

Fundi akaupapasa ukurasa: laini tupu. Mtihani ni saa nane. Somo zima lingemponyoka binti wa watu. Lakini msichana alikuwa ameshika meza, anacheka mpaka fimbo imemdondoka.

"Kimenyooka kama shati la bwana harusi!"

"Cheka, mjukuu wangu. Mimi nimekwisha."

"Hujaisha. Alama unaziona?"

Fundi akazielekeza karatasi dirishani. Upande wa nyuma vishimo vilionekana, hafifu. Akakata uzi, akatandika kitambaa kinene, akachukua msharasi wake wa kutobolea, akaanza kudonoa kishimo kimoja kimoja. Msichana akakagua.

"Hapa umeruka."

"Kelele, mkaguzi."

"Na hapa umetoboa mpaka ng'ambo!"

"Dirisha hilo, la kupitisha hewa."

Saa saba kurasa kumi zilikuwa tayari, na wawili hao mbavu zinawauma kwa kicheko. Fundi akazishona upya. Mkono wake, wenyewe, ukakipeleka kitabu kwenye kibano.

"Babu! Nasikia chuma hicho!"

"Kilikuwa kinaaga tu."

Saa kumi na moja fimbo ilirudi ikigonga sakafu kwa mbwembwe.

"Nimejibu yote! Ila kanuni ya saba ina nukta moja zaidi, nusura inipoteze."

"Hiyo nyongeza," alisema Fundi Gundi, akijifuta machozi ya kicheko. "Siku hizi nani anakupa nyongeza?"