Haja ya Maombi ya Mama Pindo

Jina la Mama Pindo walimbandika akina mama wa kanisani, wala si kwa mapenzi. Ukimpelekea gauni ambalo pindo lake limeachia hata uzi mmoja, alikuwa anakutazama mpaka ujione hukulelewa. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara na kingine cha kulala. Ukutani alipigilia misumari ishirini na minne, kila msumari na sare ya mwanakwaya wake. Kwa kushona hakuwa na mpinzani, na kwa kuomba kwa sauti ndiyo usiseme. Akianza yeye, wa nyumba ya tatu wanaitikia Amina.

Kitinda mimba wake alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa majokofu, besi wa kwaya. Watu walimwita Ngurumo kwa ile sauti yake, ingawa akiwa haimbi alikuwa mpole mno, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Jumatatu moja mama alikuwa anampima sare mpya, pini sita mdomoni kama kawaida yake. Ngurumo alisubiri mpaka ya sita iingie. Mjanja yule, alijua huo ndio wakati pekee ambao mama yake hawezi kumkatiza mtu.

"Mama, usiendelee kunitafutia mke," akasema, macho ukutani. "Mimi hisia zangu ni kwa wanaume. Nimefunga, nimeomba, miaka kumi, haijaondoka. Na Yesu sijamwacha. Nakuambia wewe tu."

Mama Pindo akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Alitaka kulia, alitaka kumzaba kofi, alitaka kumkumbatia, vyote kwa mpigo. Mwishowe akaandika daftarini: kifua, thelathini na tisa. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwamba amesikia na kwamba neno hilo halitatoka chumbani. Kijana akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

Halikukaa siku tatu. Jumanne mama alikata mikono miwili ya kushoto kwa sare moja, jambo ambalo halijamtokea tangu awe mwanafunzi wa ushonaji. Jumatano saa tisa alikwenda kwenye maombi ya akina mama.

Pale kuna desturi: haja nzito hupelekwa bila jina. Unasema "kuna ndugu mmoja," vichwa vinainama, na kabla ya Amina kila mtu ameshamjua huyo ndugu na nyumba anayokaa. Mama Pindo hakuhitaji kuambiwa hayo, maana kwa kukisia alikuwa bingwa wao. Lakini mzigo ulimlemea, akajidanganya kwamba safari hii watakuwa viziwi. Akasimama, akaomba kwa machozi juu ya mama mmoja mjane, ambaye mwanawe anamwimbia Bwana, lakini adui amemgeuza asitamani mwanamke.

Haya, mle ndani wajane walikuwa watatu. Mmoja alizaa mabinti watupu, na wa pili mwanawe hajui kuimba hata kwa bakora. Kiongozi wa maombi alimshika bega Mama Pindo, akalibonyeza kidogo, na kule kubonyezwa ndiko kulikomwambia kwamba ameshaharibu.

Jumamosi mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua sare. Alizihesabu zote, akasaini, kisha akaitoa moja, akaikunja vizuri na kuirudisha mezani. Alisema kijana apumzike kidogo. Hakusema kwa nini, na Mama Pindo, mwenye mdomo wote ule, hakuuliza.

Ngurumo aliikuta mezani alipotoka kazini. Akaitazama, akamtazama mama yake.

"Mama, ni wewe?"

"Mimi sikumwambia mtu," akajibu. "Nilimwambia Mungu tu."

"Mungu alikuwa amekaa na akina mama wangapi?"

Hakungoja jibu. Alichukua begi la vifaa vyake na nguo chache, akaenda kupanga chumba karibu na karakana yao ya majokofu. Mama Pindo alibaki amekaa kwenye kiti cha cherehani na uso unawaka. Aibu ya kuwa na mtoto wa namna ile ndiyo aliyokuwa akiiogopa tangu Jumatatu. Kumbe ilikuwa ndogo, ukiilinganisha na hii ya kuwa mama wa namna hii.

Alikwenda kwa mchungaji, akitaka kuambiwa alifanya vyema. Mchungaji alikuwa mtu wa msimamo, naye hakumficha. Kanisa linafundisha hivi na hivi juu ya mwanamume na mwanamke, alisema, nami naliamini fundisho hilo, silifuti kwa ajili ya machozi yako. Kisha akavua miwani.

"Lakini siri ya mtu si sadaka, mama, ukaitoe wewe. Na mimi nilisikia kijana ameondolewa nikanyamaza. Hapo tuna deni naye, wewe na mimi."

Jumatano iliyofuata kiongozi alianza kwa kusema tuendelee kumbeba yule kijana. Mama Pindo akasimama.

"Yule kijana ni mwanangu, na nyote mlijua siku ile ile. Aliniambia mimi tu. Kazi yangu ni kuvalisha watu, nami nikamvua mwanangu mbele zenu. Leo msimwombee yeye. Niombeeni mimi."

Wengine walitazama sakafu. Kiongozi akafumba macho, akaomba, na hakumaliza dakika kabla hajarudi kwa yule kijana na pepo zake. Mama Pindo alichukua mkoba wake akatoka katikati ya maombi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha mwanawe, sare ikiwa mkobani. Kulikuwa na kitanda, jiko dogo na jokofu lililofunguliwa mgongo. Ngurumo alimkaribisha stuli, yeye akasimama.

"Nilisema, mwanangu," mama akamwambia. "Nilisema nikakudanganya kwamba sikusema. Juu ya hilo lako sijui la kufikiri, bado nasoma Biblia, bado nalia. Lakini hili langu nalijua. Nisamehe."

Kijana aliipokea sare, akapitisha kidole kwenye pindo. Hakusema amesamehe. Alisema chai ipo, akammiminia, wakanywa. Wakati wa kuondoka mama akasita mlangoni, kwa mazoea ya miaka yote.

"Nikuombee?"

Ngurumo aliiweka sare kitandani.

"Niombee," akasema. "Lakini moyoni."

Mama Pindo, ambaye sauti yake ilifika nyumba ya tatu, akafumba macho na mdomo. Kijana hakufumba macho. Alisimama pale akiitazama midomo ya mama yake mpaka alipomaliza.