Doa Jeusi Kwenye Maji

Enzi zetu pale Ifakara, masika yakishika kasi, mji ulibaki na kuku na wazee. Sisi wengine tulihamia bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, tukaishi huko mpaka mavuno. Watoto tulishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, tukiwinga ndege kwa kombeo na makelele. Tulikula pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, mpaka matumbo yakauma.

Kutoka juu ya dungu dunia haikuwa na chini. Mto umefurika, mbingu imelala ndani ya maji, na milima ya Udzungwa inaelea upande wa pili kama moshi wa jikoni. Nilisinzia macho wazi. Wala sikujua kwamba nilikuwa najifunza kazi.

Mwaka mmoja Baba alitoka alfajiri na mtumbwi kwenda kutoa migono yake ya kunasa samaki. Maji yakapanda ghafla, yakafunika vijia, yakafika karibu na nguzo za dungu. Mchana ukapita, Baba hajarudi. Mama akapanda akaketi kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi.

"Wewe una macho mazuri," aliniambia. "Usiyaangalie maji, yatakupa kizunguzungu. Tafuta kinachoyakata."

Nikatafuta. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yakageuka fedha, yakawa zambarau. Niliogopa hata kupepesa. Jua likiwa linashuka, nikaona doa jeusi.

"Gogo hilo," Mama akasema, sauti haina nguvu.

"Gogo halisimami, Mama."

Alikuwa Baba, amesimama, anasukuma mtumbwi kwa upondo. Mama alishuka, akabandika maji ya kuoga. Nikamsikia analia huko chini.

Tangu nianze kuchora, nachora hivyo hivyo: turubai nzima maji na mwanga, na doa moja jeusi. Wanunuzi huniuliza kama nimeishiwa rangi. Mjukuu wangu naye ananishauri, "Bibi, weka hata twiga hapo, itauzika." Yeye anapiga picha kwa simu kutwa nzima, na sijamwona akikaa kuitazama hata moja. Namwacha tu.

Mama alipozeeka, Baba tukiwa tumeshamzika, nilimpelekea picha moja niliyoichora. Aliisogeza karibu na macho.

"Anakuja au anaondoka?" akauliza.

"Anakuja, Mama."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya ile picha mpaka giza likaingia. Siku hizi mtu akichelewa anapigiwa simu, anasema yuko njiani, na wenye nyumba wanaendelea na yao. Enzi zetu mtu alitazamwa mpaka afike.